Jezi ya Kuagana

Jumanne daktari alimwambia Shunpei Orihara kwamba goti lake halitamruhusu kurudi uwanjani tena. Beki huyo wa Kijapani alikuwa na miaka ishirini na minane. Kwa misimu mitano mashabiki wa timu yake ndogo ya mtaa wa Anderlecht walimpenda hata wakamtungia wimbo, na Wajapani waliokuwa wakiishi Düsseldorf walipanda treni kuja kumtazama. Habari ile alimwambia mtu mmoja tu, Donat, mtunza vifaa wa timu, mzaliwa wa Likasi.

"Nitawaambia mashabiki mwenyewe, papa," alisema kwa Kifaransa cha polepole. "Nipe muda."

Donat alifunga mdomo. Lakini alikuwa na desturi yake: mchezaji anayeondoka hukuta jezi yake imetundikwa mahali pake, mara ya mwisho. Basi Jumamosi asubuhi aliitoa kabatini jezi namba nne, iliyolala humo miezi saba tangu Shunpei aumie, akaipiga pasi, akaitundika.

Saa tatu Arne, mpiga picha, alipiga picha ya chumba cha kubadilishia nguo kama kila siku ya mechi, akaiweka mtandaoni.

Kufika mchana, Berthe wa jikoni, wa Likasi kama yeye, aliingia akihema. "Papa Donat! Bajapani banajaa inje, banaimba! Banasema Shunpei anacheza leo. Banaona jezi yake kwa picha."

"Nilitundika ya kumuaga tu, maman."

"Bon, donc ni weye njo ulibaita."

Donat akaketi. Kweli, ni yeye aliyewaita.

Shunpei alifika akichechemea. Aliiona jezi, akaigusa kwa mkono, akainamisha kichwa kushukuru. Kisha akausikia wimbo.

"Wanajua?"

"Wanadhani unacheza. Kosa ni langu."

Donat alingoja kukemewa. Shunpei alivaa jezi, akavaa na viatu, akafunga kamba taratibu. "Basi nitawaambia sasa."

Alitoka, akawainamia. Jukwaa zima likasimama. Bibi mmoja wa makamo alilia kwa furaha, kitambaa chenye namba nne kikiwa juu ya kichwa chake. Shunpei alifungua kinywa, wimbo ukakifunika. Akainama tena, akaenda kukaa nyuma ya benchi.

Dakika tisini alikaa pale. Kila kocha aliposimama, waliimba kwa nguvu zaidi, wakidhani zamu yake imefika.

Mechi ilipokwisha wenzake walioga wakaondoka. Yeye alibaki chini ya kulabu tupu.

"Bado wapo?"

"Bado. Wanakungoja."

Shunpei aliegemea magoti kuinuka, akashindwa, wala si kwa sababu ya goti. Donat akapiga magoti sakafuni, akashika kamba za viatu amvue. Soli zilikuwa safi, hazina hata jani la nyasi.

"Acha, papa," Shunpei alisema. "Niache navyo kidogo."

Donat akaziachia kamba. Nje waliuanza wimbo upya.