Jiko la Bafuni

Huu ni mwaka wa thelathini mimi Kumud nauza viungo Iyunga, na dawa za Ayurveda, tiba ya asili ya Kihindi, nilifundishwa na mama yangu mzazi. Kwa hiyo Dimple, mke wa mwanangu, alipotoka kuoga akijishikiza ukutani na kulalamika kizunguzungu na kichefuchefu, sikubabaika.

"Kunywa maji ya tangawizi na bizari nyembamba," nikamwambia. "Na kesho usioge ukiwa umeshiba."

Kesho yake alioga kabla ya kula, akatoka vilevile. Nikaongeza iliki. Siku ya tatu akatapika mlangoni.

"Mama, twende hospitali," mwanangu Rahul akasema.

"Hospitali kwa sababu ya kuoga?" nikafoka. "Huyu ametoka Dar, hajazoea baridi ya Mbeya."

Nikaingia kwenye bafu lao jipya nikafunga mlango, nione anaogaje. Jiko la mkaa lilikuwa linawaka sakafuni, na dirisha la vioo halikuwa na upenyo hata wa sindano. Punde kichwa kikawa kizito, tumbo likachafuka. Nikalitoa jiko nje mbiombio.

"Nani alikuambia uoge na jiko?"

"Wewe, mama. Siku niliyofika. Ulisema wewe unaoga hivyo tangu ujana."

Ni kweli naoga hivyo, ila bafu langu ni lile la uani, la mabati yaliyojaa matundu.

Glasi yake ya tangawizi ilikuwa bado mezani. Nikainywa yote mwenyewe, halafu nikamwambia Rahul awashe gari.