Mlinzi wa Viatu Ataka Kayaki

Kwa miaka kumi na mmoja, kila Jumamosi asubuhi, Tani alishika cheo ambacho hakukiomba: mlinzi wa viatu. Mkewe alivivua ukingoni mwa ziwa, akaingia kwenye kayaki yake ya manjano, kile kimtumbwi cha plastiki cha mtu mmoja, akapiga kasia, ndoano zake za samaki miguuni, hadi akawa nukta kwa mbali. Tani alibaki nchi kavu na chupa ya chai, akiilinda kwa uaminifu mpaka ikaisha.

Jina la Tani alipewa na wenzake wa posta, anakopima vifurushi. Kila alipoitwa alikuwa wa kwanza kucheka, maana anayejicheka mwenyewe huwapunguzia wengine kazi. Lakini mwaka huu watoto walikuwa wamehama, na nyumba yenye watu wawili wasiosafiri pamoja ilianza kumtisha. Alitaka kuwa kule kwenye nukta.

Basi akaenda dukani kwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, muuza vyombo vya majini.

"Uzito wako, shemeji?"

"Mia na tano."

Shemeji alimtazama kutoka utosini hadi kitovuni, akapumzika, kisha akamalizia miguuni. "Mia na tano wewe na nani?"

"Peke yangu. Nina mifupa mizito tu."

Hakuwa mwongo kabisa. Alikuwa mia na tano mwaka aliozaliwa kitinda mimba wake. Tangu hapo hakupanda mizani, hakutaka kuisumbua.

Moyo wake ulishaangukia kayaki nyekundu, nyembamba kama ganda la kunde. Kibandiko chake kilisema: mwisho kilo 140.

"Unaona? Nafasi tele."

"Shemeji, huo ni mwisho, si karibu. Weka fimbo za kuvulia, nanga, sanduku la barafu, na wewe hutoki nyumbani bila chakula. Ukiufikia mwisho, maji yanakuja kukaa na wewe. Mtu mwenye mwili achukue pana, yenye kiti cha juu. Ile pale." Akaonyesha chombo cha kijivu, kama beseni lililokanyagwa.

"Ile ya kuogeshea ng'ombe?"

"Haya, kalia hiyo nyekundu. Kwangu hanunui mtu chombo ambacho hajakikalia."

Tani akaikalia pale pale sakafuni. Kukaa si kazi, hata gogo hukaa. Kazi ilikuwa kusimama. Alipoinuka, kayaki nayo iliinuka, imemng'ang'ania kiunoni kama mtoto siku ya kwanza ya shule. Wateja wawili walishika mkia wa kayaki, shemeji akamshika mikono, wakavutana hadi jasho likawatoka.

"Imekupenda," shemeji alisema akihema.

"Basi niache niendelee kulinda viatu."

Shemeji akaacha kucheka. "Dada ameniuliza mara tatu kama umeshafika hapa. Mara tatu, shemeji. Niletee uzito wa kweli."

Neno lile lilimkaa Tani kichwani Jumapili nzima. Yeye ndiye aliyewarudisha watu kila siku dirishani, wale wa "ni kilo mbili tu, kaka," akiwaambia kuwa mizani haina undugu.

Jumatatu aliwahi kazini, akapanda mizani ya sakafuni ya mizigo mikubwa. Alisahau jambo moja. Yeye mwenyewe ndiye aliyeagiza kioo chake cha namba kigeuzwe upande wa wateja, asije mtu akalalamika kuwa amepunjwa. Na mlinzi wa posta alikuwa ameshafungua mlango.

"Mia thelathini na nane nukta nne!" alisoma bibi aliyetangulia foleni, amekumbatia kifurushi cha mablanketi. "Mwanangu, wanakutuma wapi?"

"Ziwani, bibi."

"Basi wakubandike: shika taratibu."

Foleni ikaangua kicheko. Tani naye akacheka, ila safari hii hakuwa wa kwanza. Akaandika namba ile kiganjani, pamoja na ile nukta nne. Kwa kayaki nyekundu ingebaki kilo moja na ushei, ya kofia na dua.

Jumamosi, beseni la kijivu, lenye mwisho wa kilo 230, liliingia ziwani na Tani juu yake, macho kayafumba. Aliposikia kimya akayafumbua. Halikuzama. Lilitikisika kidogo, likatulia kama mtu mzima aliyepata kiti.

Alipiga kasia vibaya, akazunguka mara mbili bila kukusudia, hatimaye akaifikia nukta. Mkewe alikuwa akiwabembeleza samaki kwa sauti, mmoja mmoja, "njoo baba, njoo mama," kama alivyowalisha watoto uji zamani. Miaka kumi na mmoja, na Tani hakujua.

"Umechelewa," mkewe alisema bila kugeuka, lakini akasogeza kasia lake kumpisha. Kisha akageuka ghafla. "Na viatu vyangu je?"

Tani akatazama ukingoni, mbali kule. Viatu jozi mbili, pasipo mlinzi.

"Waibe," alisema. "Tutarudi peku."