Pori Halina Paa

Michelle ndiye aliyeleta wazo hilo, na kusema kweli Mama Annie alidhani binti yake amepatwa na malaria ya kichwani. Watu wazima, wenye vitanda vyao vizuri, wanafunga sufuria na mablanketi, wanapita uwanja wa ndege wa Luano mpaka lami inapoishia, wanakwenda kulala chini ya miti kando ya ziwa! Tena wanalipa!

"Banalipa nani?" Mama Annie aliuliza. "Banalipa miti?"

"Banalipa mwenye ile fasi, maman. Iko muzuri, utaona. Bantu banaenda kupumzika."

"Kulala chini njo kupumzika? Basi miye nilipumzika utoto wangu yote kule Mitwaba, na hakuna muntu aliniambia."

Michelle alicheka. Kisha akasogea karibu, akasema kwa sauti ya chini lile neno alilokuwa amelipanga njiani kote kutoka kwake mpaka mtaa wa Katuba, anakokaa mama yake. "Maman, kule hakuna nyumba ya muntu. Pori halina paa. Unaweza kulala pale na sisi bote, na hakuna atasema kitu."

Hapo binti alikuwa ameshika penyewe. Kwa watu wa Mama Annie, wa kaskazini ya Katanga, na kwa watu wa mkwewe Stanislas, ambao walitoka Kasai zamani, mama mkwe na mume wa binti yake hawalali chini ya paa moja. Hawali pamoja wala hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mmoja anakata kona. Heshima hiyo inaitwa buko, na haina mchezo. Ila siku moja huondolewa: kuku anachinjwa, mkwe na mama mkwe wanamla pamoja, na kuanzia hapo mkwe ni mtoto wa nyumbani.

Siku hiyo kwa Mama Annie haikuwa imefika. Tangu ndoa ya Michelle hakuwahi kuuona uso wa Stanislas. Aliujua mgongo wake, viatu vyake, mlio wa kikohozi chake nyuma ya mlango. Akienda kumtembelea mjukuu wake Abigaël, Stanislas alitoka kwa mlango wa nyuma, na yeye alirudi Katuba kabla ya giza, hata mvua iwe inanyesha namna gani.

Sasa magoti yalikuwa yamekataa. Masika yaliyopita alianguka kando ya kisima, akakaa chini mpaka majirani walipomsikia, na tangu hapo kila mtu alijua kwamba hawezi tena kuishi peke yake. Mdogo wake Kapya alipiga simu kutoka Mitwaba: njoo, yaya, dada yangu, chumba kipo, lori la mahindi litakubeba. Mama Annie alikubali. Alikubali kwa mdomo, maana moyo ulikuwa unalia. Mitwaba ni mbali, njia yake inavunja mifupa, na angemwona Abigaël tena lini? Alichotaka ni kukaa kwa Michelle. Lakini atakaaje, na buko iko pale imesimama katikati ya nyumba? Na kuku hakuja. Mwaka baada ya mwaka, kuku hakuja. Kwa hiyo Mama Annie alijua, au alidhani anajua, kwamba Stanislas hamtaki.

Mtu atauliza kwa nini Michelle hakusema kitu. Hah! Binti anaweza kubeba chumvi, salamu, hata matusi, lakini neno la kuondoa buko halipiti mdomoni mwa binti. Ni jambo la wakwe wawili. Akiligusa, ameliharibu.

Basi wakaenda, wiki moja kabla ya lori.

Ilikuwa mwezi wa sita, wakati wa baridi. Mahema mawili yalisimamishwa mbali kidogo moja na jingine, na katikati Michelle akafunga kamba toka mti hadi mti, akatundika vitenge viwili. Mama Annie na Abigaël upande huu, Michelle na mumewe upande ule. Mama Annie alilizunguka hema lake akalibonyeza kwa kidole, akaona kwamba linabonyea.

"Nyumba ya karatasi," alisema. "Mbwa akipiga chafya, tunalala nje."

Siku nzima alilalamika, na alilalamika kwa raha. Choo kiko mbali, na ni cha kuchuchumaa, kwa magoti gani? Sisimizi wamepita kwenye sukari. Moshi wa kuni unamfuata yeye tu, akihama na wenyewe unahama. Godoro la kupuliza linapumua usoni mwako ukilikalia. Lakini mchana uliposimama, alijikuta ameketi kwenye mkeka, miguu imenyooka, na kinywa kimejifunga chenyewe. Ziwa lilikuwa limetulia. Miti ya pori ilikuwa inaangusha majani yake moja moja, bila haraka, na kila jani lilichukua muda wake wote kufika chini. Hapakuwa na spika za kanisa wala jenereta la jirani. Umeme haukuwa umekatika, kwa sababu haukuwepo wa kukatika. Ndege kubwa ilipanda kutoka Luano, ikapita juu ya maji, na kivuli chake kikavuka ziwa bila kulilowesha wala kulowa. Mama Annie akasinzia, akaamka, akasinzia tena, na hakujua tena ni mara ngapi.

Jioni, upande wa pili wa vitenge, samaki walikuwa wanachomwa. Harufu ilimfikia. Halafu sauti ya Stanislas ilisikika, ya pole, inaongea na sufuria. Ndiyo, na sufuria. Mkwe mwenye adabu hamsemeshi mama mkwe, anasemesha kitu, na mama anasikia.

"Sufuria, samaki huyu mukubwa ni wa mama. Hana mifupa mingi."

Mama Annie aliigeukia mbabula yake, jiko la makaa. "Mbabula, mwambie aliyechoma asante. Chumvi imepungua."

Abigaël alicheka mpaka akaanguka kwenye mkeka. Upande ule pia mtu alicheka, kicheko cha mwanaume, kilichokatwa haraka. Mama Annie alimla samaki mzima, akalamba vidole, na moyo ukamuuma. Mtu anayekuchagulia samaki asiye na mifupa, huyo hakutaki kwa namna gani? Alilala na swali hilo, amemkumbatia mjukuu wake, na baridi ikipanda kutoka ardhini kuja kuwapima.

Alfajiri alitoka nje ya hema akakuta dunia haipo.

Ukungu ulikuwa umekula kila kitu: miti, vitenge, moto wa jana, hata miguu yake mwenyewe. Alijifunika blanketi, akafuata mteremko taratibu, akipapasa kwa mkono, mpaka akasikia maji yanagusa ukingo. Hapo palikuwa na gogo. Akaketi. Alijisikia kama bado amelala, na hakuona ubaya wowote wa kuendelea kulala hivyo, macho wazi, ndani ya weupe ule usio na mbele wala nyuma.

Mtu akakohoa.

Karibu, upande wa kushoto. Mama Annie alikijua kikohozi kile. Alishika blanketi ajifunike kichwa, ainuke, aende zake, lakini magoti yalikuwa yameganda kwa baridi. Akabaki. Na yule naye hakuondoka. Walikaa hivyo, kila mmoja anajua, na kati yao ukungu, mzito kupita ukuta wowote wa Lubumbashi.

"Ziwa," sauti ya Stanislas ikasema hatimaye, "yambo."

Mama Annie alifikiri kidogo. Ziwa si mtu. Hata sufuria si mtu. "Ziwa," alisema, "mwambie huyo mutu avae koti. Baridi hii haina huruma."

"Ziwa, koti nilifunika nayo Abigaël busiku. Niliingizia mukono tu mu tente, sikuangalia."

Alikuwa ameliona koti lile juu ya mtoto, akadhani ni Michelle aliyemfunika. Mama Annie hakupenda kulia mbele ya mtu, hata mtu asiyeonekana, basi akakasirika.

"Ziwa, muulize vizuri. Koti iko nayo. Samaki iko nayo. Na kuku? Kuku ya buko ilimushinda? Miye kila mwaka nafagia lupango yangu, uwanja yote, nakaa pa mulango, naangalia barabara. Kuku moja tu! Aseme wazi kama hanitaki, nipande lori na roho yangu safi."

Maji yalipiga ukingo, yakarudi. Kisha Stanislas akasema, na mara hii aliisahau adabu yote, "Mais maman! Lakini mama!" Akajirudi. "Ziwa... ziwa, mama hakuniita hata siku moja."

"Nikuite?"

"Kwetu njo mama mukwe anaita. Anatuma neno: mutoto, leta kuku, nimekuona. Kama hajaita, ukipeleka kuku ni matusi. Ni kusema nimechoka kukuheshimu. Papa yangu alinifundisha ivyo. Miye nilisema, mama huyu angali ananipima. Nitangoja."

Mama Annie alikuwa amefundishwa kinyume. Kwao, mkwe analeta mwenyewe, bila kuitwa, na mama anayemwita mkwe amekosa aibu, ameomba nyama. Hivi ndivyo ilivyokuwa kwa mama yake, na kwa mama wa mama yake. Hakuwahi kuwaza kwamba neno moja, buko, lile lile, linaweza kuwa na mlango wa mbele kwa watu hawa na mlango wa nyuma kwa wale. Miaka yote hiyo yeye amekaa mlango huu, mwenzake amekaa mlango ule, na kila mmoja anaheshimu kwa nguvu zake zote.

"Ee Mungu wangu," alisema. Hakuliambia ziwa.

"Kuku nilifuga," sauti iliendelea, polepole. "Wa kwanza alizeeka, akakufa. Nikaleta mwingine. Michelle anajua, mais angesema nini? Na chumba iko. Nyuma, na dirisha upande wa jua ya asubui, sababu ya magoti ya mama. Batu banauliza, Stanis, chumba hii ya nani? Nasema, ni ya mutu atakuya."

Mama Annie alilia sasa. Alilia waziwazi, akajifuta na blanketi, akalia tena, na akacheka katikati, maana ulikuwa upumbavu wa heshima, na upumbavu wa heshima hauna mtu wa kushitakiwa. Kama wangekuwa mjini, kila mmoja angekuwa na ukuta wake na mlango wa kutokea. Hapa palikuwa na maji tu, na weupe.

Jua likapanda nyuma ya miti. Ukungu ukaanza kuondoka juu ya ziwa, ukivutwa taratibu. Kwanza yakaonekana maji. Halafu mwisho wa gogo. Halafu viatu anavyovijua. Mikono ya Mama Annie ilishika blanketi, tayari kulivuta usoni, jinsi ilivyozoea. Akaiangalia mikono yake. Akaiweka magotini.

Ukungu ukapita, na kushoto kwake alikuwa ameketi mwanaume mwenye mvi. Si moja wala mbili. Kichwa kizima kilikuwa kimeingiwa na kijivu, na usoni mistari miwili mirefu ilishuka kandokando ya mdomo. Siku ya ndoa alikuwa kijana mwembamba, shingo inacheza ndani ya kola. Mama Annie alikuwa akimtafuta kijana yule, na kijana yule hakuwepo.

Stanislas aliinamisha kichwa haraka, kwa mazoea.

"Hapana," alisema Mama Annie. "Inua. Niangalie."

Akainua. Macho yake yalikuwa mekundu na yenye aibu, na mazuri sana.

"Stanis, uko na mvi."

"Ndiyo, maman."

Mama Annie hakuzaa mtoto wa kiume. Michelle tu, na wengine waliokufa wachanga. Mungu alimpa mmoja kwa njia ya ndoa, na mtoto huyo akawa mtu mzima, akaanza kuzeeka, karibu naye, nyuma ya mlango, na yeye hakumwona. Alinyoosha mkono juu ya gogo, akagusa kichwa chake pale kwenye kijivu.

"Hii yote," alisema, "iliota miye nikiwa wapi?"

Stanislas aliacha mkono ukae.