Mtaa wa Kunong'ona

Katika mtaa ule, mchana watu walinong'ona. Hakuna aliyetoa amri hiyo. Kiwanda cha nyuzi kiliwachukua wanaume zamu ya usiku, hospitali na hoteli zikawachukua wanawake zamu ya mchana, basi karibu kila nyumba ilikuwa na mtu aliyelala jua likiwa la utosi. Mapazia mazito yalifunika madirisha. Watoto walijua kutembea kwa ncha za vidole kabla ya kujua kukimbia. Hata muuza mboga hakunadi. Alipita akigongagonga kikapu kwa kidole, polepole, kama mtu anayeogopa kuiamsha ndoto ya mwenzake. Mgeni angedhani mtaa mzima unauguza.

Katika nyumba mojawapo waliishi fundi wa mashine za kusokota, mke wake aliyefua mashuka ya hospitali, na binti yao. Alfajiri mke akitoka, mume alikuwa anaingia, nywele zimejaa pamba kama mtu aliyeota mvi njiani.

"Umeamkaje?"

"Salama. Chai ipo."

Basi, yamekwisha. Mengine yote yalipitia kwa binti. "Mama anasema bomba linavuja." "Baba anasema ameona." Ndiyo maana nyumbani wakamwita Posta.

Wanawake wa chumba cha kufulia walimtania mama yake. "Wewe shoga, umeolewa na mto!" Alicheka nao ndani ya mvuke ule mweupe, ambamo watu walionekana viwiliwili bila miguu. Hakuwaambia kuwa alikuwa na saa yake. Akirudi alasiri alimkuta mumewe bado amelala, naye aliketi ukingoni mwa kitanda, akikunja nguo za nyumbani na kumsimulia kila kitu: nani amegombana na nani, shuka gani limegoma kutakata, nini kinamwuma moyoni. Alisimulia chini chini, na mume akapumua. Kisha jua likazama, akaamka, akala haraka na kwenda zake.

Miaka ikapita hivyo, mpaka mnyapara aliposimama langoni mwa kiwanda na kutangaza kuwa zamu ya usiku imefutwa. Wengine waliambiwa waende nyumbani. Fundi akabakizwa, lakini kazi yake sasa ni ya mchana.

Jioni ya kwanza mume na mke walikutana mlangoni, kila mmoja ameshika ufunguo wake.

"Karibu," alisema mume.

"Karibu wewe," alisema mke.

Wakaingia kama wageni wawili waliofika kwa mwenyeji asiyekuwepo. Mke alikwenda moja kwa moja kwenye kiti cha dirishani. Mume naye alikuwa anakifuata kiti hicho hicho.

"Hicho changu," alisema mume.

"Chako tangu lini? Mimi hukaa hapa kila siku."

Posta aliangua kicheko mpaka akashika tumbo. "Ni cha wote wawili! Hamjawahi tu kukutana hapo."

Kitandani pia kumbe kila mmoja alizoea kulala katikati. Waliombana radhi kwa adabu, wakajibanza kila mtu na ukingo wake. Mezani walisema "tafadhali" na "asante", na wakimaliza kula walimtazama binti, wakingoja apeleke maneno. Posta alikunja mikono. "Posta imefungwa. Semeni wenyewe."

Mtaani nako mapazia yalianza kufunguliwa. Sauti za watu zilitoka kwa kukwaruza, kama bawaba zilizokosa mafuta.

Jumapili moja mvua ilinyesha tangu asubuhi. Mwili wa fundi ulikuwa haujasahau desturi yake. Baada ya chakula alijilaza. Chumba kikawa na mwanga wa kijivu, mvua ikipiga bati sauti moja tu, isiyokatika. Mke aliingia na nguo alizoanua barazani, akaketi ukingoni mwa kitanda, na bila kujua akaanza kusimulia. Alisema kuhusu mashine mpya ya kukamulia mashuka inayoruka kama mbuzi. Alisema kuhusu mwenzake wa kazini aliyehama. Akanyamaza ili akunje shuka.

"Endelea," alisema mume, macho yamefumbwa.

Shuka likamponyoka. "Hujalala?"

"Nimelala. Huwa nakusikia hivyo hivyo. Siku zote nadhani naota."

"Unanisikia?"

"Vipande vipande. Vinachanganyika na mashine." Alifungua macho, akatazama dari. "Kuna ndoto moja sikuwahi kuisimulia. Niliota umekaa hapo hapo, unaniambia mtoto hakukaa. Kwamba ulishikwa na uchungu kazini, wakakulaza, ukarudi kwa miguu. Nilipoamka chakula kilikuwa mezani na wewe unaosha sufuria. Nikasema moyoni, ndoto mbaya haisemwi."

Mvua iliendelea. Mke alitazama mikono yake, iliyokunjika ngozi kwa maji ya miaka mingi.

"Haikuwa ndoto," alisema.

Mume akainuka, akaketi.

"Ulikuwa umegeukia ukutani," alisema mke. "Nilipokuambia, ulivuta pumzi ndefu. Nikajua umesikia. Nikangoja uamke useme neno. Ukala, ukaenda kazini. Nikasema, ameamua kunyamaza, basi na mimi ninyamaze. Tangu siku hiyo nimekuwekea kinyongo, baba Posta. Kila siku nakupikia, na kinyongo kipo."

"Na mimba? Mbona sikujua hata kama ipo?"

"Nilikuambia pia. Ukatabasamu usingizini."

Fundi alimshika mkewe kifundo cha mkono, kama mtu anayeshika ukingo wa kitu asianguke. Wakaketi hivyo mpaka chumba kikawa giza na Posta akaja kuuliza kama wamelala.

Asubuhi fundi hakwenda kiwandani. Alimsindikiza mkewe hospitalini. Katika chumba cha kufulia wanawake walimwona akitokeza katikati ya mvuke, wakapiga vigelegele. "Kumbe yupo! Tulidhani hadithi!" Mke hakucheka. Alimpitisha kwenye ukumbi mrefu mpaka wodi ya mwisho, akamwonyesha kitanda cha karibu na dirisha, alicholazwa siku ile. Mgonjwa mmoja, msichana, alikuwa amelala hapo, mkono shavuni. Fundi alivua kofia, akasimama kidogo, kisha akatoka.

Alifika kiwandani amechelewa sana. Mnyapara alimngoja, mikono kiunoni.

"Ulikuwa wapi?"

"Nimefiwa."

Mnyapara akashusha mikono. "Pole. Nani?"

"Mtoto."

"Mtoto? Lini, ndugu yangu?"

"Zamani," alisema fundi. "Ila mimi nimepata habari jana."

Akalia pale pale, mbele ya mashine, kwa sauti ambayo mtaa wao haukuwahi kuisikia. Mnyapara, mtu mkali asiyesamehe hata dakika, akazima mashine ya kwanza kwa mkono wake. Mafundi wengine wakazima zao, moja baada ya nyingine, mpaka pamba iliyokuwa ikielea hewani ikaanza kuwatulia mabegani.

Jioni mke alisikia hodi. Alifungua, akawakuta wanaume wa kiwandani wamejaa barazani, kofia mikononi, na nyuma yao wake zao. Alipigwa na butwaa.

"Tumechelewa, mama," alisema mzee wa mashine ya mwisho. "Lakini pole haichachi."

Waliingia, wakakaa hata sakafuni. Posta, ambaye alikuwa ameelezwa yote asubuhi ile, alizungusha chai. Kisha mke wa mnyapara akauliza, kwa upole, swali ambalo hakuna aliyewahi kumwuliza mama yule.

"Alikuwa wa kike au wa kiume?"

"Wa kiume," alisema. "Nilimwona. Alikuwa na kidevu cha baba yake."

Fundi akagusa kidevu chake. Mke akavuta kiti karibu na wageni, akaanza kusimulia tangu mwanzo.