Ukurasa Uliofungia Karanga

Ukurasa wa wafalme ulifika kwetu Gorong'a ukiwa umefungia karanga. Shamsia, mwenye duka pale Bomani mjini, alikuwa akichana vitabu vya zamani kufungia bidhaa, na siku hiyo alichana ukoo wa Habsburg, watu waliotawala sehemu kubwa ya Ulaya. Mama aliona mistari inayoshuka kutoka jina hadi jina, akanipa nimsomee. Kiingereza changu cha kidato cha nne hatimaye kikapata kazi.

Mama yangu, Waisiko, hajui kusoma, lakini koo anazijua. Alifuata mistari kwa kidole: huyu kazaa nani, huyu kaoa wapi. Aliposikia mmoja kaoa mtoto wa dada yake, aliguna kwa karaha. Chini kabisa alikuwa Karoli wa Sita. Mwanawe wa kiume alikufa mchanga, wakabaki mabinti, na ukurasa ukaishia hapo.

Kidole cha Mama kikabaki pale kwa mabinti. Nilijua kwa nini. Baba alikufa akiniacha mimi tu, na tangu dhahabu ionekane ng'ambo ya kilima, baba mdogo Mwikwabe alikuwa akisema shamba la kaka yake haliwezi kwenda na binti atakayeolewa. Lilipokuwa la mihogo tu hakulitamani. Dawa ya Kikurya ipo: mwanamke asiye na mtoto wa kiume anaoa mwanamke, na wana watakaozaliwa wanakuwa wa nyumba yake. Mama alikwisha kupata msichana wa kijiji cha Nyarero, Imelda, na ng'ombe wanane wa mahari wangepelekwa Jumamosi. Mimi ningebaki mgeni kwetu. Iliniuma.

"Mke wa huyo mfalme alioa msichana wa wapi?" Mama aliuliza.

Nikamwambia Wazungu hawana desturi hiyo. Akawahurumia kweli. Kisha akataka kujua walifanyaje, na kesho yake tukashika njia ya mjini.

Shamsia alikumbuka kwamba ukurasa uliofuata alimfungia sukari Mayunga, Msukuma aliyekuja na rashi ya dhahabu, wachimbaji walipomiminika kwetu. Anachimba kwenye kilima chetu wenyewe, kwa hiyo tukarudi tulikotoka. Tulimkuta pembeni ya shimo lake, kajaa vumbi. Alimpa Mama shikamoo, akasikiliza shida yetu, akacheka, akatoa ile karatasi mfukoni. Ndani yake alikuwa amefunga unga wa dhahabu wa wiki nzima. Aliumimina polepole kwenye kifuniko cha chupa, na sote watatu tukabana pumzi.

Nilisoma kimoyomoyo kwanza. Karoli alitunga sheria binti aweze kurithi, akawaapisha majirani. Alipokufa, binti yake Maria Teresa akarithi. Majirani wakasahau viapo vyao, wakaanzisha vita vya miaka minane. Alipoteza jimbo moja tajiri, ila kiti hakukiachia, na watoto wake wakabeba jina la ukoo wake pamoja na la baba yao.

Vile vita nilivichukia. Ningeviruka, nani angejua? Lakini Mama alikuwa akinitazama mdomoni. Nikasoma yote, hata lile jimbo lililopotea.

"Ungeruka vita ningejua unanidanganya," alisema. "Hakuna binti aliyeachiwa shamba kimya kimya."

Tulipofika nyumbani alikwenda moja kwa moja zizini kuwatazama ng'ombe.

Jumamosi mjumbe wa Nyarero alikuja kuchukua ng'ombe. Baba mdogo alikuwepo, amekalia kiti kizuri kuliko vyote. Mama alimwomba mjumbe awafikishie wazazi wa Imelda radhi zake, kisha akasema mbele ya wote kwamba shamba ni langu mimi, Agustina, na atakayenioa ajue watoto ni wa nyumba hii. Baba mdogo alisimama, akaapa kutufikisha mahakamani hata ikichukua miaka. Mimi nilijawa hofu na furaha kwa pamoja, hali ambayo sikuwahi kuijua.

Mjumbe, kwa upole, akauliza basi hao ng'ombe wanane watafanywa nini.

"Wanabaki," Mama alisema. "Vita vya miaka minane vinataka maziwa."