Kibegi cha Monicah

Katika klabu ya kulenga shabaha, nje kidogo ya Dubai, bunduki zilikuwa na wenyewe. Gervas, Mtanzania aliyeajiriwa pale, aliachiwa kutunza vikorokoro vya bei nafuu: vizibo vya masikio, brashi za kusafishia mtutu, vitambaa vya pamba, na vijifuko vya wavu ambavyo mteja huvifunga ubavuni mwa bunduki vidake maganda ya risasi, asije akainama kuyaokota. Wateja wa pale hawakupenda kabisa kuinama.

Kijifuko kikichanika kilitupwa, na hapo ndipo Waafrika wa klabu walipopata chao. Sheria ilisema chochote kilichogusa bunduki kisitoke getini, lakini nani angekaa kulinda takataka? Monicah, msafishaji, Mkenya mwenye watoto wawili waliobaki Kitale kwa bibi yao, alivichomoa pipani, akavifua, akavitia bitana ya kitenge na zipu. Karibu kila mfanyakazi alikuwa na kibegi chake cha sabuni na mswaki. Hakumtoza mtu. Alisema akiwa na sindano mkononi hawazi sana nyumbani.

Jumatano mama yake Gervas alifariki, huko Muleba. Deus, mdogo wake, alipiga simu.

"Kaka, tunakusubiri wewe. Wazee wanasema mtoto wa kwanza ndiye atangulie kutia udongo. Ila padri kasema mwisho Jumamosi, zaidi ya hapo hatuwezi."

Arbab, bosi wa klabu, alitoa ruhusa, tiketi ya Entebbe ikapatikana, na kutoka hapo angepanda gari hadi nyumbani kupitia Mutukula. Alhamisi, Gervas akifunga mizigo, Monicah alimletea kibegi kipya. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Weka ile rozari ya mathe humu, Gerva, isipotelee kwa sanduku. Nimeshona nikilia, bana."

"Asante, dada yangu. Mungu akubariki."

Alikuwa ameinunua rozari ile ili mama aishike mikononi ndani ya jeneza. Aliitia kibegini, akakiweka juu kabisa ya nguo.

Usiku ule, kwenye uwanja wa ndege, mashine ya kukagulia mizigo ilisimama. Mkanda ukarudishwa nyuma, ukapitishwa tena. Askari alikitoa kibegi, akakibonyezabonyeza, kisha akapasua bitana kwa kisu. Likaanguka ganda la shaba la risasi ndogo kabisa, halizidi punje ya maharage. Lilikuwa limenasa kwenye pindo la wavu, na Monicah alilishonea ndani bila kuliona. Miaka yote kazini Gervas alikuwa akisachiwa getini kwa ajili ya vitu kama hivyo, na leo haikumjia akilini kukipekua kibegi. Ungepekuaje zawadi ya msiba?

Ndege iliondoka akiwa amekaa kwenye kiti cha chuma.

Ofisa aliyemhoji aliitwa Yasir. Hakufoka. Alimpa maji, akampa pole ya mama, na upole huo ndio uliommaliza.

"Ni lako?"

Gervas alijua akisema ni lake, mambo yangeishia kwake, lakini uchunguzi ungechukua siku, na Jumamosi isingemngoja. Akimtaja Monicah, Monicah angeulizwa alipitishaje mali ya klabu getini, na ganda la risasi humo humo. Kazi ingekwenda, na kibali cha kukaa nchini kingekwenda nayo. Watoto wa Kitale walikula kwa kazi hiyo.

"Kama si lako, sema la nani," Yasir alisema. "Nikiridhika, kesho unapanda ndege. Nakusaidia, habibi. Mama ni mama."

Pengine ingekuwa rahisi kama angepigwa ngumi. Gervas alimwona mama yake amelala katikati ya sebule, wazee wakitazama barabarani. Akamtaja Monicah. Hakuishia hapo: alitoa namba yake ya simu, akaonyesha picha yake, akaeleza saa anazoingia kazini na jinsi anavyoficha vijifuko ndani ya ndoo. Alishangaa jinsi maneno yalivyokuwa yakitoka yenyewe, kama mtu aliyesubiri kuulizwa. Yote yalikuwa kweli tupu. Aliona aibu, lakini mdomo haukusimama.

Kesho yake waliridhika, wakampandisha ndege.

Alifika Muleba Jumamosi, vumbi limemjaa hadi kwenye kope, jeneza likiwa bado halijafungwa. Aliiweka rozari mikononi mwa mama. Alitangulia kutia udongo, mbele ya ukoo mzima, na shangazi zake wakasema huyu ndiye mtoto, kapambana mpaka kafika. Kila aliyemshika mkono alimsifu. Alitamani mmoja tu amtukane.

Watu walipotawanyika alikaa na Deus kwenye benchi nyuma ya nyumba, akawasha simu. Palikuwa na ujumbe wa sauti wa Monicah, wa tangu jana. Akausikiliza.

"Gerva, kuna watu wamekam hapa job wananiuliza kuhusu ile kibegi. Nimewaambia ni yangu, wewe hukuwa unajua chochote. Kama bado wanakusumbua, sema tu ni ya Monicah, usiogope, mimi nitajitetea. We fika umzike mathe poa. Nikipata simu nitakupigia."

Alipiga. Namba haikupatikana. Alipiga tena na tena, kisha akaishusha simu mapajani. Alilia kwa sauti, na majirani waliokuwa wakikunja maturubai wakatikisa vichwa kwa huruma, wakajua ni mama.

Deus alimshika bega. "Huyo dada aliyeongea ni nani, kaka?"

Gervas alijifuta uso kwa kiganja.

"Mtu wa kazini tu," alisema.