Thelathini na Tano Nukta Tano

“Mmoja wenu mwizi,” alisema Mwalimu Mayige, akizilaza karatasi zetu mbili za mtihani mezani. Swali la klorini: isotopu ya 35 ni asilimia sabini na tano, ya 37 ni ishirini na tano; tafuta uzito wa atomu. Mimi na Minza tulikuwa tumeandika 35.5, bila hesabu yoyote. Wengine wote wa kidato cha tatu walikuwa wameandika 36.

Mwizi nilikuwa mimi. Lakini Minza ndiye aliyekuwa na cha kupoteza. Baba yake kule Ipililo alishamwonya kwamba akiitwa shuleni hata mara moja, shule basi.

“Minza, umeipataje?”

“Kama magunia ya pamba, mwalimu. Nyumbani huwa tunayasawazisha kabla ya mzani. Yako manne. Matatu yana kilo thelathini na tano, moja lina kilo thelathini na saba. Hilo limezidi mbili. Zigawe kwa yote manne, kila moja linapata nusu.”

Mwalimu alicheka. “Hapa kemia, siyo ghala la pamba. Kabula?”

Kanuni nilikuwa nimeikariri usiku uliopita, baada ya mtihani, kwa woga. Niliimwaga yote: sabini na tano mara thelathini na tano, jumlisha ishirini na tano mara thelathini na saba, gawanya kwa mia. Sikukwama hata neno moja.

“Umesikia?” alimwambia Minza. “Kalete mzazi.”

Minza alinitazama, akangoja. Nilichukua karatasi yangu mezani, nikarudi kwenye dawati. Ilikuwa Juni, watu wako mashambani wanavuna. Hakurudi tena.

Leo mimi ni mwalimu wa kemia Bariadi. Mwaka jana nilimkuta sokoni Nyalikungu, anauza mchele. Tulisalimiana, mwangaluka, mwangaluka, nikaona nikiondoka bila kusema sitasema tena.

“Minza, ile siku ya klorini. Nilikuibia.”

Alichota mchele, akaumimina taratibu kwenye mzani.

“Uliniibia wapi, Kabula? Ulikuwa unalia. Mimi ndiye niliyekusogezea karatasi uone.”

Nyuma yangu mteja mwingine alikuwa amefika.

“Nikupimie kilo ngapi?” aliniuliza.